Maji ya Nyongeza

Siku kampuni ilipokuja kufunga maji, foleni ya ndoo ilikuwa imefika kwenye kibanda cha kinyozi. Mafundi wawili walishuka kwenye gari, wakasalimia vizuri kama watu waliokuja harusini, kisha mmoja akachutama penye mita kuu, akaizungusha koki kwa spana mpaka ikagoma, na kuipiga lakiri. Bomba la kioski likakohoa, likatoa kijiuzi cha maji, likanyamaza. Mwanamke aliyekuwa mbele kwenye foleni alikuwa na ndoo iliyojaa nusu. Aliwauliza mafundi ile nusu nyingine akaidai wapi.

Walimjibu kwamba deni ni la kamati na kamati inajua, wakapanda gari lao wakaondoka. Hapo kila mtu akageuka kumtazama muuza maji.

Jina lake la kuzaliwa wengi walikuwa wameshalisahau. Tangu akabidhiwe kioski aliitwa Mama Bomba, naye akaitika. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Bomba kubwa la kampuni lilipita kijijini likielekea mjini, na nyumba za kijiji hazikuwa na bomba hata moja. Kamati ya maji ilinunua maji ya jumla kupitia mita moja, Mama Bomba akayauza sarafu moja kwa ndoo ya lita ishirini, jioni akazikabidhi sarafu zote kwa kamati, na kamati ikailipa kampuni. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda hivyo, na hela kidogo ilibaki ya kuziba mipasuko ya bomba na kumlipa yeye kijishahara. Kisha bei ya jumla ikapanda mara mbili kwa mkupuo, na zile sarafu hazikutosha tena.

Bei ikipanda, mtu amlaumu nani? Aliyeipandisha yuko mjini nyuma ya kioo, hata sura yake huijui. Aliye karibu ni yule anayepokea sarafu mkononi.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja," alisema Mama Mkaa. Huyu aliuza mkaa kando ya soko, mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na hakuwahi kuzungumza kwa sauti ambayo mtu wa ng'ambo ya barabara asingeisikia. "Mita inasema maji yametoka. Sisi tunasema tumelipa, na mimi silali na deni la mtu. Sasa hapo katikati kuna nani?"

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Mama Bomba aliwarudishia sarafu wale waliokwisha kulipa, akafunga dirisha la kioski, akashika njia ya nyumbani. Kila alipopita watu walinyamaza, na alipowapita kidogo wakaanza tena.

*

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Alifanya kazi mbele ya nyumba, chini ya bati moja lililoegemezwa ukutani, na siku hiyo alikuwa amepindua baiskeli ya mtu akinyoosha rimu. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ya mkewe. Habari mbaya kijijini haihitaji baiskeli.

Alimwacha aingie, anawe uso kwa maji ya kikombe, akae. Kisha akamfuata ndani akifuta grisi kwenye kitambaa, akasema polepole, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliouma.

"Kuna siku ulichukua kidogo, ukasahau kurudisha? Kwa shida tu. Ada za shule, dawa za mama. Ukiniambia nitaelewa."

"Utaelewa nini?"

"Nauliza tu, mke wangu."

"Kijiji kizima kimeniuliza leo," alisema Mama Bomba. "Wewe ulipaswa kuwa wa mwisho. Au usiulize kabisa."

Fundi akarudi kwenye rimu yake. Aliipiga nyundo mpaka ikazidi kupinda. Si kwamba hakumpenda mkewe. Alikuwa na woga wa mtu maskini, ambaye akisikia kuna kitu kimepotea hukimbilia kupekua mifuko yake mwenyewe kwanza.

Mama yake fundi, aliyekuwa amejilaza chumba cha pili mlango ukiwa wazi, aliyasikia yote. Alikohoa kikohozi kikavu cha kumwambia mwanawe kwamba amesikia, na kwamba hakupendezwa.

*

Keshoyake lilikuja boza la maji. Mwenye nalo alikuwa na pua ya kunusa kiu. Palipofungwa bomba yeye yupo, na honi juu. Aliuza ndoo moja sarafu tano. Maji yenyewe aliyachota mjini, kwenye bomba lile lile la kampuni lililopita chini ya miguu ya watu waliokuwa wakimpangia foleni. Penye miti hapana wajenzi, ndivyo ilivyo.

Nyumba ya fundi ilinunua ndoo moja kwa siku, na maji ya ndoo hiyo yalifanya kazi kama punda: yaliosha uso, yakaosha vyombo, yakapiga deki, na mabaki yakamwagwa kwenye shina la mpapai. Kukosa maji wangelivumilia, kwani walikosa pamoja na wengine. Kilichowashinda ni vile vitu vidogo. Mwenye duka alimwambia Mama Bomba kwamba siku hizi hakopeshi, na kabla hajafika mlangoni akamsikia anamkopesha mwingine sabuni. Baiskeli mbili zilizokuwa zinasubiri kutengenezwa zilifuatwa na wenyewe, mmoja akisema amepata safari, mwingine hakusema kitu. Kanisani na msikitini, kila upande ukadhani mwizi wa maji anasali upande wa pili, na ungecheka kama si kulia.

Kamati nayo ikakaa. Ilimwambia Mama Bomba apumzike kwanza. Neno pumzika lina adabu, lakini kila anayepewa anajua maana yake.

Siku ya nne au ya tano hivi, mama mkwe alimkuta anasugua sufuria kwa majivu ili asitumie maji. Akavuta kigoda.

"Nikuulize kitu mwanangu, na mimi si mumeo. Sikuulizi kama umeiba. Mtu anayesugua sufuria kwa majivu hajaiba. Nakuuliza maji yanakwenda wapi."

Mama Bomba aliendelea kusugua. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nawaongezea."

"Unawaongezea nini?"

"Maji, mama. Mtu anataka kusuuza ndoo, namtilia. Nikijaza, naiacha mpaka ifurike. Halafu namtilia kata moja ya njiani, kwa sababu yatamwagika. Wengine wanakuja na kidumu cha pembeni."

"Kina nani hao?"

"Wote."

"Hata huyo wa mkaa?"

"Huyo vidumu viwili."

Bibi aliitazama ndoo tupu iliyokuwa mlangoni. Alikuwa anakumbuka ndoo zake mwenyewe, jinsi zilivyofika nyumbani zimejaa pomoni hata baada ya kumwagika njia nzima.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani unaniongezea kwa kuwa ni mkweo."

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Kila mtu kijijini alidhani ni yeye peke yake anayependelewa. Mama Bomba alimwinamia kila mmoja dirishani, akamtilia ile kata kwa tabasamu, na mtu akaondoka akijiona ana mtu wake penye bomba. Nani atakwenda kutangaza upendeleo wake? Wakati bei ya jumla ilikuwa chini, nyongeza ilimezwa na ile hela iliyobaki, na hakuna aliyegundua. Bei ilipopanda, kata kwa kata ikawa pipa, pipa likawa deni. Na wale wale walioondoka na maji ya bure ndio waliouliza fedha zimekwenda wapi, bila uongo moyoni, kwani kata moja ya mtu mmoja haiwezi kufilisi kijiji.

"Mficha uchi hazai," alisema bibi. "Waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba wote wamekula? Mimi ni mke wa kuja hapa, mama. Nilipofika hakuna aliyenijua. Maji ndiyo yaliyonijulisha kwa watu. Nikisimama leo niwataje mmoja mmoja, nitakaa na nani?"

Bibi alichukua sufuria nyingine na majivu, wakasugua pamoja.

*

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, na watu walimwita Mwalimu tu, kama vile hakuna mwingine duniani. Alikuwa na makosa yake mengi, mojawapo kupenda kuhutubia watu wawili kama darasa zima, lakini alikuwa mbishi, na ubishi una siku yake. Bei ilipopanda aliandika kwa bodi ya bei ya maji, ile inayosimamia kampuni na kuamua ni bei gani ihusu nani. Aliandika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nadhani walichoka kuyaona maandishi yake.

Alikuja kwa fundi na habari: bodi ingekuja kusikiliza shauri pale pale kijijini, shuleni. Alieleza kwa urefu wake wa kawaida, lakini kiini kilikuwa kifupi. Zipo bei mbili za maji ya jumla. Kikundi cha wakazi wa vijijini kinachonunua maji kwa ajili ya kunywa na kupikia, bila kufanya faida, kinatozwa bei ya vijijini. Anayenunua ili apate faida anatozwa bei ya biashara, sawa na kiwanda na hoteli. Kampuni ilikuwa imekihamisha kijiji kutoka bei ya kwanza kwenda ya pili, ikisema ninyi ni wafanyabiashara.

"Wakituacha hapo walipotuweka, koki haifunguliwi tena," alisema Mwalimu. "Deni lenyewe hatuliwezi. Na shahidi ni wewe, Mama Bomba. Watakuuliza maji unayauzaje."

"Mmenipumzisha, Mwalimu."

Mwalimu akakohoa. "Basi tumekupumzua," alisema, na kwa mara ya kwanza katika wiki nzima bibi akacheka.

*

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Wajumbe wa bodi walikuwa watatu, na aliyeongoza, mwenyekiti wao, alikuwa mama mmoja wa makamo aliyevaa miwani yenye uzi shingoni, mpole wa sauti, asiye na haraka. Upande wa kampuni alikaa mwanasheria kijana, nadhifu, ambaye aliwaamkia wazee kwa heshima zote kabla ya kuanza kuwabomoa.

Hesabu yake ilieleweka na kila mtu, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Uniti moja ya maji, alisema, ni ndoo hamsini. Kamati inauza kila ndoo sarafu moja. Basi kila uniti inaingiza sarafu hamsini. Kampuni kwa bei ya biashara inachukua arobaini. Zinabaki kumi. Kwa bei ya zamani, ambapo kampuni ilichukua ishirini tu, zilikuwa zinabaki thelathini. Biashara ya aina gani hiyo inayobakiza zaidi ya nusu, halafu inaomba kuhurumiwa?

"Siwalaumu wanakijiji," alisema. "Ila zile zilizobaki, mheshimiwa mwenyekiti, kuna mtu amezila."

Mngurumo ulipita darasani. Lilikuwa swali lao wenyewe, limevaa suti. Mama Mkaa, aliyesimama dirishani, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa haki.

Mama Bomba aliitwa mbele. Mwenyekiti alimuuliza kwa upole kama hesabu ile ni ya kweli.

"Kwangu uniti haitoi ndoo hamsini."

"Inatoa ngapi?"

"Chini ya hapo."

"Kwa nini?"

Aliwatazama watu. Wote aliwajua kwa ndoo zao: mwenye ndoo ya bluu isiyo na mkono, mwenye ndoo yenye chapa ya mafuta ya kupikia, mwenye dumu lililofungwa kwa mpira. Mumewe alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

"Ninawaongezea kidogo," alisema.

"Unamwongezea nani?" aliuliza mwanasheria.

Ungeona jinsi watu walivyoinamisha macho, kila mmoja akiomba moyoni asitajwe, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake wa kutajwa.

"Watu," alisema Mama Bomba, wala hakuongeza neno.

Mwanasheria alieneza mikono. Alisema maneno ya watu hayawezi kupimwa. Mwenyekiti alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Lakini maji yanaweza," alisema. "Twendeni kwenye bomba."

*

Lakiri ilikatwa kwa amri ya bodi, kwa kipimo tu. Fundi wa kampuni akachutama kwenye mita. Mwenyekiti alieleza utaratibu mara mbili ili asikike: Mama Bomba auze maji kama anavyouza siku zote, watu wachote kama wanavyochota siku zote, na uniti moja ikitimia kwenye mita, sarafu zihesabiwe. Zikifika hamsini au karibu yake, kampuni ina haki. Alisisitiza maneno hayo: kama siku zote.

Sasa sikiliza walichokifanya watu hawa. Walikuwa wamesikia neno kula likitajwa mbele ya serikali, na kila mtu akaamua kwamba leo atakuwa mwaminifu kuliko malaika. Wa kwanza alikuja na ndoo aliyoisuuza nyumbani. Maji yalipofika kwenye alama akainua mkono: inatosha. Mama Bomba alishika kata, akamtazama. Yule akaondoa ndoo haraka kama aliyeona nyoka. Wa pili vile vile. Wa tatu alikuwa ameacha kidumu chake nyumbani, kidumu kilichozoea njia ile kuliko yeye mwenyewe. Hata mama mkwe, bibi mzima aliyejua kila kitu, alipofika mbele alibanwa na macho ya watu akasema kwa sauti ndogo, "Hapo hapo panatosha."

Sarafu zilidondoka kwenye kopo, moja kwa kila lita ishirini, bila tone la ziada. Mwanasheria hakutabasamu, alikuwa na adabu zake, lakini alifunga kalamu yake. Mwalimu aliona kijiji kinajizamisha mbele yake kwa uaminifu, akafungua mdomo, na mjumbe mmoja wa bodi akamwonya kwamba asiwafundishe mashahidi. Sijui kama aliwahi kunyamaza kwa taabu namna ile maishani mwake.

Mama Bomba aliendelea kujaza. Mikono yake ilifanya kazi na machozi yalikuwa karibu. Angeweza kuwalazimisha, angeweza kupiga kelele, lakini kumlazimisha mtu kupokea zawadi hadharani ni kumvua nguo.

Ikafika zamu ya Mama Mkaa.

Alikuja na ndoo yake kubwa, na vidumu viwili vikining'inia kiunoni kwa kamba, kwa sababu hakuwa na akili ya kujificha. Alisikia kama siku zote akabeba kama siku zote. Aliweka ndoo chini ya bomba. Alikuwa ametazama wote waliomtangulia, na katika kutazama huko kitu kilikuwa kimemwingia kichwani taratibu, akakikataa, kikarudi. Ndoo ilifika kwenye alama. Mama Bomba akafunga koki, kama alivyowafungia wengine.

Mama Mkaa hakuinua ndoo.

"Mbona hunisuuzii?" aliuliza.

Watu wakageuka.

"Mbona hunisuuzii ndoo, na mimi kila siku unanisuuzia? Na mbona hujanifurishia? Na vidumu vyangu je? Mama mwenye miwani amesema kama siku zote. Siku zote mimi natoka hapa na vidumu viwili, na sijawahi kuvilipia hata siku moja." Sauti ilimkwama, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Akamgeukia mwenyekiti. "Andika hivyo, mama. Nilidhani ananipenda mimi tu. Nimemwita mwizi huyu, na maji yake nimeyanywa mimi."

Mwanamke wa ndoo ya bluu akasema, kwa hasira hasa ya mtu aliyesalitiwa, "Kumbe na wewe unaongezewa?"

"Wewe je?"

"Kata moja ya njiani."

"Mimi alisema ni kwa ajili ya mgongo wangu," alisema kinyozi.

Kikapasuka kicheko mwisho wa foleni, kikaja mbele kama moto wa nyasi kavu. Kila mtu akawa anataja chake: kidumu cha mtoto, maji ya kuku, kikombe cha kunywa papo hapo, kata ya jirani mgonjwa ambaye, ilibainika, hakuwahi kuugua. Watu walilaumiana na kucheka kwa wakati mmoja. Bibi alipaza sauti kwamba yeye alijua tangu zamani, akakumbushwa kuwa dakika chache zilizopita alisema hapo hapo panatosha.

Mwenyekiti alisubiri kelele zipungue, akaagiza kopo limwagwe na mita ianze upya.

Safari hii walichota kweli. Ndoo zilisuuzwa, zikafurika mpaka miguu ikalowa, kata za njiani zikafuata, vidumu vikatoka vilikofichwa, wengine wakavikimbilia nyumbani. Mama Bomba aliinama na kuinuka kwenye dirisha lake kama siku zote, na kadiri alivyotia ndivyo uso wake ulivyofunguka. Uniti ilipotimia, fundi wa kampuni aliinua mkono. Mjumbe mmoja akazihesabu sarafu mbele ya wote, mwanasheria akiangalia begani kwake. Zilikuwa thelathini na sita.

"Na kampuni inawatoza arobaini," alisema mwenyekiti.

Mwanasheria aliomba zihesabiwe tena. Zikahesabiwa. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Aliandika namba, akasema hana swali kwa shahidi.

*

Bodi ilijitenga kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Walipotoka, watu walirudi darasani wakabanana, na mwenyekiti akavaa miwani kusoma uamuzi. Alisema kikundi kinachopata hasara kwa kila uniti hakiwezi kuitwa mfanyabiashara. Hata kwa bei ya vijijini, kinachobaki kinatengeneza bomba na kumlipa anayeuza, na hiyo si faida, hayo ni matumizi. Kijiji kinarudishwa kwenye bei ya vijijini tangu siku kilipoondolewa, na deni lote lililotokana na bei ya biashara linafutwa. Maji yafunguliwe leo hii.

Neno leo lilitosha. Alikuwa bado na kurasa: kamati iweke utaratibu wa nyongeza, kampuni itoe taarifa kabla ya kubadili daraja la mteja, na mengine ya maana kabisa. Lakini alipoinua macho, darasa lilikuwa limebaki na Mwalimu, aliyekuwa akilia waziwazi na kujifanya anafuta vumbi, na mwanasheria, na wajumbe wenzake wawili, na yeye mwenyewe. Wengine wote walikuwa wamekimbilia kuwahi nafasi. Akasoma mpaka mwisho hata hivyo, kwani sheria husomwa.

Nje, fundi baiskeli alimkuta mkewe ameegemea ukuta wa shule. Alikuwa akicheka peke yake. Fundi alisimama mbele yake, akaikunja kofia, akaikunjua.

"Nilikukosea," alisema. "Mimi kuliko wote."

"Najua."

"Sikuwa na haki hata ya kuuliza."

"Hukuwa nayo," alisema Mama Bomba. Alimtazama, na furaha ilikuwa imemjaa kiasi kwamba hata hasira aliyoitunza siku zote zile ilikosa pa kukaa. "Utakuja kuniomba radhi vizuri nyumbani, umekaa chini, mama akisikia. Sasa hivi watu wana kiu."

Aliufunga upya mkunjo wa kanga yake kiunoni, akatelemka kuelekea kwenye kioski. Foleni ilikuwa tayari imefika barabarani, imesokotana, kila mtu akidai yeye ndiye aliyetangulia, na Mama Mkaa katikati yao akigawa nafasi kwa sauti yake ile. Walipomwona anakuja, waliacha kugombana. Wale wa mbele walivuta ndoo zao pembeni, kisha waliofuata, mpaka njia nzima ikawa wazi kutoka barabarani hadi kwenye mlango wa kioski, na hakuna aliyenong'ona.

"Karibu kazini, dada," alisema Mama Mkaa, akampisha.